Ajali haina kinga? Pikipiki, vespa na elimu inayokosekana Jambiani

Simama pembeni mwa barabara ya lami ya Jambiani asubuhi ya siku ya skuli, kiasi cha saa moja, kisha hesabu.

Wa kwanza kupita ni baba na vespa yake. Mbele, kati ya miguu yake, amesimama mtoto wa darasa la kwanza ameshikilia usukani. Nyuma amekaa dada yake na mkoba mgongoni. Baba ana kofia ngumu, watoto hawana. Wa pili ni kijana wa bodaboda. Abiria wake ni mama aliyekaa upande, mkono mmoja umeshika kiti, mwengine umeshika ndoo, na ncha ya kanga inapepea karibu na tairi la nyuma. Wa tatu ni wageni wawili, mume na mke, kwenye skuta ya kukodi, wanakwenda Paje na fulana nyepesi na kandambili. Wa nne ni mtoto wa miaka 13 au 14 ametumwa mkate kwa pikipiki ya mjomba wake. Miguu yake inagusa chini kwa shida.

Wanne hao wana umri na safari tofauti, na hakuna hata mmoja ambaye tuna hakika kuwa aliwahi kukalishwa chini na kufundishwa. Baba alijifunza kwa rafiki, kijana wa bodaboda kwa kaka yake. Wageni walioneshwa kwa dakika mbili kitufe cha kuwashia na breki ziko wapi. Mtoto alijifunza kwa kumtazama mjomba.

Wakianguka tunasema neno tulilolizoea: ajali haina kinga. Makala hii inalichunguza neno hilo. Je, ni kweli ajali za pikipiki katika vijiji vyetu vya Kusini Unguja hazina kinga? Na kama kinga ipo, kwa nini haijatufikia?

Kwa nini suala hili sasa

Mambo matatu yamebadilika kwa pamoja katika ukanda wetu.

La kwanza ni barabara. Zamani mtu wa Jambiani akienda mjini alipiga mashimo, na mashimo yenyewe yalimpunguzia mwendo bila ya kutaka. Miaka ya karibuni serikali imekuwa ikijenga na kupanua barabara kisiwani. Hilo ni jambo la kushukuru: mgonjwa anafika hospitali mapema, samaki anafika sokoni hajaharibika. Lakini lami nzuri haimwambii mpanda pikipiki apunguze mwendo. Yule aliyekuwa akienda kilomita 35 kwa saa kwa kuogopa shimo, leo anakwenda 70 na haogopi kitu.

La pili ni idadi ya pikipiki. Bodaboda imekuwa ajira ya vijana ambao hawakupata kazi hotelini na hawataki kwenda baharini. Kwa familia, pikipiki ni rahisi kuliko gari na haina haja ya kusubiri daladala. Kwa mwenye duka, mvuvi na mwalimu, imekuwa chombo cha kazi.

La tatu ni utalii. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na sehemu kubwa yao hufika pwani ya mashariki: Michamvi, Bwejuu, Paje, Jambiani hadi Makunduchi. Wengi hukodi skuta. Wengine wanatoka nchi ambako watu huendesha upande wa kulia wa barabara, na kwetu ni kushoto. Mtu huyo akichoka au akishtuka, mkono wake unakwenda upande aliouzoea. Njia panda ya Paje haimpi muda wa kukumbuka.

Barabara inayotumiwa na wote hawa ni hiyo hiyo moja. Inatumiwa pia na mbuzi, ng'ombe, baiskeli, watoto wanaotoka chuoni na akina mama wanaokwenda mwani.

Hesabu ya dunia

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika ripoti yake ya mwaka 2023 lilisema watu wapatao milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu, ingawa nchi hizo zina kiasi cha asilimia 60 tu ya magari ya dunia. Kiasi cha watu wawili katika kila kumi waliokufa walikuwa kwenye vyombo vya magurudumu mawili au matatu.

Jambo moja katika ripoti hiyo linamhusu kila mzazi. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali ya barabarani ndiyo sababu ya kwanza ya kifo duniani. Tunawapeleka watoto wetu chanjo, tunawafunika vyandarua, tunachemsha maji. Kisha tunampandisha mtoto huyo huyo mbele ya vespa, kichwa wazi, tukamwambia ashike vizuri.

Mwendo na urefu wa mnazi

Wengi wetu hatuuogopi mwendo kwa sababu hatuuoni. Urefu tunauona. Kila mtu Jambiani anajua maana ya mkwezi kuanguka kutoka kwenye mnazi, na hakuna anayesema mnazi wa mita kumi ni mchezo.

Basi tuugeuze mwendo uwe urefu. Pikipiki inayogonga ukuta au gari lililosimama ikiwa katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, pigo lake kwa mwili ni kama kuanguka kutoka urefu wa mita tatu na nusu, yaani juu ya paa la nyumba. Kwa kilomita 40 ni zaidi ya mita sita. Kwa kilomita 60 ni mita 14, nao ni mnazi mrefu. Kwa kilomita 80 ni mita 25. Hapo hakuna mnazi tena, ni ghorofa ya nane.

Angalia hesabu inavyokwenda. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka 30 hadi 60, urefu hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara nne. Kwa hiyo kijana anayesema "nimeongeza kidogo tu" amepanda mnazi mwengine juu ya ule wa kwanza.

Kuna pia suala la kusimama. Ukiwa kilomita 60 kwa saa, kila sekunde inayopita umeshakwenda karibu mita 17. Mbuzi akitoka kichakani, macho yanaona, akili inaamua, mkono na mguu vinakamata breki. Kazi hiyo huchukua sekunde moja au zaidi hata kwa mtu mwenye afya na asiyechoka. Yaani unapita urefu wa nyumba mbili kabla breki haijaanza kazi. Ukiwa unaangalia simu, umepita nyumba nne.

Kofia ngumu: kinga tunayoivaa kwa ajili ya trafiki

Tukisema ajali haina kinga, kofia ngumu inatukanusha. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2008 ulionesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa mpanda pikipiki aliyepata ajali kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ni dawa gani nyengine inayouzwa dukani yenye nguvu hiyo?

Tatizo letu ni namna tunavyoivaa. Wapo wanaoitundika kwenye kioo au kwenye kiwiko, wakaivaa wanapokaribia askari, kisha wakaivua wakishapita. Wapo wanaoivaa bila kufunga mkanda wa kidevuni. Kofia isiyofungwa hutoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Wapo wanaovaa kofia ya ujenzi au ya baiskeli, ambazo hazikutengenezwa kwa mwendo wa pikipiki. Na wapo, nao ni wengi, wenye kofia moja tu: ya dereva. Abiria anachukuliwa kama mzigo.

Akina mama hutoa sababu zao, na hazifai kupuuzwa. Kofia ya bodaboda imevaliwa na watu kumi kabla yako, ina jasho na harufu. Haikai vizuri juu ya mtandio uliofungwa kwa pini. Hayo yana dawa. Kitambaa chepesi cha pamba chini ya kofia huondoa tatizo la usafi, na mtandio ukifungwa bapa bila fundo nyuma, kofia hukaa. Mwenye kupanda bodaboda kila siku anaweza kuwa na kofia yake mwenyewe, kama alivyo na mwavuli wake.

Kuikagua kofia ni kazi ya dakika moja. Ivae, funga mkanda, kisha tikisa kichwa. Ikicheza, ni kubwa. Weka vidole viwili kati ya mkanda na kidevu: vikiingia vizuri, mkanda uko sawa. Jaribu kuivuta kutoka nyuma kuja mbele. Ikitoka, haikufai. Na kofia iliyowahi kupigwa katika ajali imekwisha kazi yake hata kama kwa nje inaonekana nzima.

Elimu inamfikia nani?

Zanzibar ina sheria yake ya usafiri wa barabarani, Namba 7 ya mwaka 2003, mbali na ile ya Tanzania Bara ya mwaka 1973. Leseni, bima na ukaguzi vimo katika utaratibu wa sheria, na Jeshi la Polisi husimamia barabarani. Karibu na kila sikukuu polisi hutoa tahadhari kwa vijana. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna kinachofanyika.

Lakini mtazame anayefikiwa. Kampeni nyingi humlenga dereva wa bodaboda, na humkuta akiwa tayari ameshakaa juu ya pikipiki miaka mitatu. Mara nyingi somo lenyewe huanza na faini. Wengine hawamo kabisa.

Mtoto hayumo, eti kwa sababu haendeshi. Ukweli ni kwamba mtoto ni abiria kila siku, na vijijini anaanza kuendesha kabla hajamaliza skuli. Mchana wa Idi, vijana wadogo hupewa funguo kama zawadi ya sikukuu, wakapandana watatu kwenda viwanja vya sikukuu. Wengine hujifunzia ufukweni maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu mchanga ni mgumu na hakuna askari. Lakini maji yakikupwa ndipo ufuko unapojaa watu: mama zetu na magunia ya mwani, watoto wanaocheza mpira, wageni wanaotembea huku macho yao yako baharini.

Abiria hayumo. Hakuna anayemfundisha mama kwamba kukaa upande kunamfanya aanguke chali pikipiki ikishtuka, kwamba ncha ya kanga au baibui ikiingia kwenye mnyororo humvuta chini, au kwamba ana haki ya kumwambia kijana, "Mwanangu, punguza mwendo, mimi sina haraka." Mwenye kukaa upande kwa sababu ya stara anaweza kuvaa suruali pana ndani, kukaa kwa kupanda na kubana nguo. Wanawake wengi wanaoendesha vespa zao wenyewe wameshalimaliza suala hilo bila kupoteza heshima yoyote.

Mzee hayumo. Mwenye miaka 65 aliyeendesha vespa tangu ujana wake anaona hana la kujifunza. Lakini macho yake ya magharibi si yale ya miaka 30 iliyopita, na vespa yake ya zamani ilikuwa nzito na ya mwendo wa pole. Pikipiki aliyonunuliwa na mwanawe ni nyepesi na inaruka.

Mgeni naye hayumo. Anapata kibali cha muda cha kuendesha, kibali ambacho ni karatasi ya ruhusa na si mtihani wa kuendesha. Anayemkodisha ndiye mtu wa mwisho anayeweza kumpima, na huyo ana sababu ya kutompima, kwa sababu mteja akikataliwa hapa atakwenda kwa jirani.

Somo la matuta ya Jozani

Kila anayekwenda mjini kutoka kwetu hupita msitu wa Jozani, na kila anayepita huko hukutana na matuta. Wengi huyalalamikia. Tukumbuke yaliwekwa kwa ajili ya nani.

Katika miaka ya 1990, baada ya barabara ile kutiwa lami, kima punju walikuwa wakigongwa na magari kila wakati. Kima huyo hapatikani popote duniani ila Zanzibar. Wahifadhi hawakuishia kuwaambia madereva wawe na huruma. Waliomba matuta, yakawekwa, na watafiti waliofuatilia waliona vifo vya kima vimepungua sana. Havikwisha, ila vimepungua.

Kima hakupewa semina. Barabara ilibadilishwa ili hata dereva asiyejali alazimike kwenda pole. Swali ambalo mtu wa Jambiani ana haki ya kuliuliza katika kikao cha shehia ni hili: kama tuliweza kwa kima, mbele ya skuli zetu pako vipi? Mbele ya chuo cha Kurani? Pale akina mama wanapovuka na mwani?

Je, elimu peke yake inatosha?

Hapa tuseme ukweli, kwa sababu wapo wanaouza elimu kama dawa ya kila kitu. Mwaka 2010 Cochrane walichambua tafiti kuhusu mafunzo ya waendesha pikipiki. Hawakupata ushahidi wa kutosha kusema kwamba mafunzo peke yake hupunguza ajali, wala aina gani ya mafunzo ni bora. Wataalamu pia wamekuwa wakionya kwamba mafunzo ya mbinu za kuendesha yanaweza kumpa kijana kiburi: anajiona fundi, anaongeza mwendo.

Hiyo haina maana tuache kufundisha. Maana yake ni kwamba elimu iende pamoja na barabara na usimamizi. Mfano uko karibu. Dar es Salaam, shirika la Amend lilifanya mradi kwenye maeneo ya skuli za msingi: njia za waenda kwa miguu, matuta, alama za barabarani, pamoja na kuwafundisha watoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha majeruhi miongoni mwa watoto walipungua kwa kiasi cha robo. Somo darasani na tuta barabarani vilikwenda pamoja.

Elimu inayofaa pia si ya kumfundisha kijana kukata kona kwa ufundi. Ni ya kumfundisha kutambua hatari kabla haijafika: mchanga uliopeperushwa juu ya lami, mvua ya kwanza ya masika inayochanganyika na mafuta barabarani, gari lililosimama ambalo mlango wake unaweza kufunguka, mpira uliotoka uani ambao mtoto atakuwa nyuma yake, na nusu saa ya mwisho kabla ya futari ambapo kila mtu ana njaa na kila mtu anakimbilia nyumbani.

Wenzetu wa nchi za theluji

Mfano mmoja wa mbali unatufaa. Katika nchi za baridi kali, kuna chombo kinachofanana na pikipiki lakini hakina magurudumu. Kina mbao za kutelezea mbele na mkanda wa kusukuma nyuma, na hukimbia juu ya theluji. Vijijini huko kinatumika kama pikipiki kwetu: kwa kazi, kwa starehe, na watoto wanakizoea wakiwa wadogo kwa sababu kiko uani kwa baba.

Walikuwa na tatizo letu. Vijana walijifunza kwa kutazama, wakaendesha usiku, nje ya barabara, mbali na hospitali. Uswidi iliweka sharti la cheti cha mafunzo mwaka 2000, na umri wa chini ni miaka 16. Jimbo la Minnesota nchini Marekani linamtaka kila aliyezaliwa baada ya mwaka 1976 awe amepita mafunzo ya usalama kabla ya kuendesha chombo hicho. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuanza kusoma, lakini lazima pia aende uwanjani akaendeshe mbele ya mwalimu. Mwenye miaka 16 na zaidi anaweza kusoma kwa intaneti.

Hatuna theluji, na hatusemi watoto wetu wapewe pikipiki. Tunachoweza kuchukua kwao ni mambo mawili. Kwanza, walikubali kwamba mtoto wa kijijini atakikaribia chombo kilichoko nyumbani, hivyo wakaona ni bora afundishwe na mtu anayejua kuliko na mwenzake. Pili, waligawa somo kwa umri. Anachofundishwa wa miaka 11 si anachofundishwa wa miaka 30. Sisi bado tuna somo moja, la faini, kwa watu wote.

Baada ya kuanguka

Jambiani iko kiasi cha kilomita 55 kutoka mjini. Hospitali za Makunduchi na Kitogani ziko karibu zaidi, na ndiko majeruhi wengi huanzia. Lakini aliyeumia ubongo mara nyingi huhitaji kufika Mnazi Mmoja, ambako tangu mwaka 2014 kuna kituo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kilichojengwa kwa ushirikiano na taasisi ya NED ya Hispania. Safari hiyo ni ya saa nzima au zaidi. Wakati wote huo uhai wake uko mikononi mwa waliomuokota.

Kwa hiyo huruma yetu iwe na akili. Mtu aliyeanguka pikipiki asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono na miguu na kukunjwa ndani ya gari, kwani shingo yake inaweza kuwa imevunjika. Kichwa na shingo vishikwe vilingane na mwili. Abebwe na watu kadhaa kwa pamoja juu ya kitu kigumu kama ubao au mlango. Kofia yake isivuliwe kwa pupa ikiwa anapumua vizuri. Damu inayotoka nje ibanwe kwa kitambaa safi. Asipewe maji wala chai, kwa sababu anaweza kupaliwa, na huenda akahitaji upasuaji. Mtu mmoja asimame mbali kidogo kuzuia vyombo vyengine visije kuwagonga waliokusanyika. Mwengine apige 112.

Na hata anayeinuka akasema "niko salama" aangaliwe usiku ule. Akianza kutapika, kulala usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, au kichwa kumuuma zaidi kadiri muda unavyopita, apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi. Damu inaweza kuwa inavuja ndani ya fuvu polepole.

Kijiji kinaweza kuanzia wapi?

Mengi ya haya hayangoji bajeti. Hivi ndivyo kila mmoja anavyoweza kuanza.

Nyumbani: funguo za pikipiki zisitundikwe mahali mtoto anapofikia, na asitumwe dukani kwa chombo asichokuwa na leseni nacho. Mtoto asiyefikisha miguu kwenye vikanyagio asipandishwe. Asisimame mbele ya dereva, kwa sababu likitokea jambo atakuwa kati ya kifua cha baba na usukani. Mwenye kumpandisha mtoto amnunulie kofia ya saizi yake.

Skuli na chuoni: mwalimu anaweza kutumia dakika kumi za asubuhi mara moja kwa wiki. Mtoto afundishwe kuvuka, kuvaa kofia na kukataa kupakiwa watatu. Mtoto aliyefundishwa humwambia baba yake, "Baba, kofia," na baba hana jibu.

Kijiweni: vijana wa bodaboda wana viongozi wao. Kijiwe kinaweza kukubaliana kwamba hatoki mtu bila kofia ya pili, wala hapakii mtu akiwa amelewa au hajalala. Faida ni yao. Abiria wakijua kijiwe fulani ni salama, hasa akina mama, watakifuata.

Wakodishaji na hoteli: kabla ya kumpa mgeni funguo, mpelekeni kwenye uwanja mpana mumtazame akienda, akisimama na akigeuka. Asiyeweza, apewe dereva. Mwambieni kuhusu upande wa kushoto, matuta, mifugo na giza. Kijiji kinapomuuguza mgeni aliyevunjika mguu, jina la kijiji zima linasafiri naye kwenda kwao.

Shehia: wekeni kumbukumbu ya kila ajali. Pahali gani, saa ngapi, chombo gani, kofia ilikuwapo au haikuwapo. Daftari moja kwa sheha, baada ya mwaka mmoja, litaonesha wapi panahitaji tuta, taa au alama. Ukienda wilayani na daftari hilo, hutakuwa unaomba kwa kulalamika. Utakuwa na ushahidi mkononi.

Tukirudi kwenye neno letu

Wanaosema ajali haina kinga mara nyingi wanamaanisha kwamba kila jambo ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, na hakuna Muislamu anayebishana na hilo. Lakini wengi wetu tulifundishwa chuoni kisa cha bedui aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amuache ngamia wake kwa kumtegemea Mungu. Jibu alilopewa ni amfunge kwanza, kisha ategemee.

Ngamia wetu leo ana injini. Kamba yake ni mkanda wa kofia, mwendo wa pole mbele ya skuli, na funguo zilizofichwa mbali na mtoto wa miaka 13. Kesho asubuhi saa moja, barabara ya Jambiani itakuwa na baba yule yule, kijana yule yule, wageni na mtoto aliyetumwa mkate. Kabla ya kuwasha chombo chako, mtazame uliyempakia nyuma. Kama kichwa chako kina kofia na chake hakina, mwache ateremke mkaitafute ya pili.